Ng'ombe wa Chuma Mwenye Shingo Mbovu

Ludara, Koboko
4 Machi 1989

Mkwe Ocama Paulino,
Fundi wa baiskeli, Oli, Arua.

Nakusalimu, na salamu ziishie hapo kwa sababu nina hasira.

Mimi ni mzima. Mke wangu Margarita ni mzima. Mbuzi ni wazima. Mgonjwa ni baiskeli. Hii ni mara ya tatu tangu Krismasi shingo yake kulegea. Nikiushika usukani kwenda kulia, gurudumu linafikiri kwanza. Nikipita kwenye mawe inalia koto-koto-koto, na Lino kinyozi, ambaye kiti chake kiko kando ya barabara ya soko, anaacha kichwa cha mtu nusu kimenyolewa ili anipigie kelele: "Tombe! Ng'ombe yako leo iko na kikohozi?" Watu wanacheka. Mimi, Tombe Jale, nachekwa na mtu anayeshika wembe kama mwiko!

Usisahau baiskeli hii ni nini. Baba yake mke wako Poni alipotea mwaka wa sabini na tisa pamoja na jeshi alilotumikia. Mama yake, dada yangu, tulimzika Sudan. Mimi mjomba ndiye niliyemlea yule mtoto kwenye kambi ya wakimbizi, nikamrudisha huku akiwa na meno yote. Wazee wako walipokuja kuposa walisema ng'ombe wameliwa na vita, basi ng'ombe wa mjomba katika mahari atoke kwa umbo la baiskeli, maana mwoaji ni fundi na ataiunga kwa mkono wake. Nikakubali. Nilikubali mbele ya watu. Sasa nakuuliza, wewe ungempa mjomba ng'ombe ambaye kichwa chake kinazunguka peke yake?

Na usidhani naongea kama mtu asiyejua. Baiskeli na mimi tumeanza zamani. Mwaka wa sabini na mbili, nikiwa dereva wa afisa mkubwa, gari lilituharibikia Koboko. Nikapanda baiskeli asubuhi nikaingia Yei, huko Sudan, kabla ya saa sita mchana. Nyuma nilipakia cherehani, na fundi wake juu yake, na huyo fundi alikuwa anashona njiani. Tulipofika Yei suruali ilikuwa tayari, imebaki vifungo. Shingo ya baiskeli ile haikutikisika.

Na kazi ninaijua. Ludara nzima itakuambia Tombe hatoki nyumbani bila gunia. Sokoni gunia, kisimani gunia, hata kanisani Jumapili gunia la mihogo liko nyuma juu ya karia, kwa sababu mwanaume hasafiri mtupu. Baiskeli ya mtu kama mimi lazima iwe na shingo ya mtu kama mimi.

Naituma kwa Anguyo, juu ya lori lake la tumbaku. Itengeneze kama unatengeneza ya baba yako.

Ni mimi mjomba wa mke wako,
Tombe Jale


Oli, Arua
11 Machi 1989

Mzee mkwe wangu Tombe,

Nakuamkia kwa heshima. Poni anakusalimu. Mimba iko miezi sita na anakula vizuri, kila kitu isipokuwa samaki.

Baiskeli nimeipokea kwa Anguyo. Nimefungua shingo yote, juu na chini. Gololi za juu zilikuwa zimekatika vipande, na bakuli la chuma linalozishika limechimbika upande mmoja tu, wa kushoto. Nimeweka bakuli jipya nililonunua soko la Ariwara, gololi mpya, grisi ya kutosha, na nati mbili, moja ya kubana na moja ya kuifunga ile ya kwanza isirudi. Nimeijaribu mimi mwenyewe kwenda Onduparaka na kurudi, mara nne, kwenye njia mbaya. Haikulia.

Mzee, nisamehe kuuliza. Fundi ni kama mganga, lazima aulize. Unapoteremka unafunga breki ya mbele peke yake? Je, kuna kitu kinafungwa kwenye usukani upande wa kushoto? Nimeona rangi imelika pale, kama alama ya kamba. Nauliza ili nisitengeneze tena jambo ambalo chanzo chake sikijui. Baiskeli nimeziunga nyingi na shingo hailegei hivi kwa kuendeshwa tu.

Mkwe wako mtiifu,
Ocama Paulino


Ludara
29 Machi 1989

Ocama,

Siku kumi na moja! Nimehesabu. Siku kumi na moja ndizo shingo yako ilikaa, ya kumi na mbili ikaanza koto-koto.

Na barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama. Unaniuliza MIMI nafunga breki vipi? Mimi ambaye mwaka wa sabini na nne niliteremka mlima Liru kwa baiskeli isiyo na breki kabisa, nyuma yangu chui, na yule chui ndiye aliyechoka? Margarita ni shahidi, ingawa hakuwepo. Alama ya kamba! Mtu mwenye mizigo ana kamba. Ulitaka nifunge gunia kwa maneno? "Fundi ni kama mganga." Sawa. Mganga ambaye mgonjwa wake anarudi mara nne, sisi huku tunamwita jina lingine.

Sikiliza kilichotokea. Jumamosi natoka Koboko na magunia mawili ya mihogo mikavu. Kwenye kilima kabla ya kanisa usukani ukaenda kushoto, gurudumu likaenda kulia, mimi nikabaki katikati kama mwamuzi. Magunia yote mtaroni, ndani ya maji. Wanawake waliotoka kisimani walitua mitungi ili wacheke vizuri. Lino alikuja mbio toka kwenye kiti chake, si kunisaidia, kutazama. Akasema mbele ya wote: "Mukwe wako iko fundi kweli ama iko mwizi?"

Hapo nilisema. Nilisimama mtaroni na mihogo yangu nikasema kwa sauti ambayo soko zima lilisikia: "Ocama wa Oli amenidanganya. Amemchukua mtoto wa dada yangu kwa ng'ombe mgonjwa." Nimesema na sirudishi.

Kwa hiyo uamuzi wangu ni huu. Mahari yangu haijatimia. Poni arudi Ludara. Margarita atakuja kumchukua siku ya mwisho ya Aprili, na Poni atazalia huku kwetu, na mtoto ataitwa kwa jina la kwetu, na hatatoka hapa mpaka nipate baiskeli yenye shingo au ng'ombe mwenye shingo. Kama una wazee, wape habari.

Tombe Jale


Oli, Arua
5 Aprili 1989

Mjomba wangu Tombe,

Nimeomba kalamu ya mume wangu, na hajui naandika nini.

Mjomba, umefanya nini? Jana amekuja mfanyabiashara wa tumbaku toka Koboko, baiskeli yake imepasuka tairi mbele ya banda letu kabisa. Akaanza kuteremsha vitu, akauliza jina la fundi. Kusikia Ocama akasema, "Ah, yule aliyemwibia mkwe wake?" akapakia vitu vyake akasukuma tairi bovu hadi kwa fundi mwingine. Ocama alikuwa na spana mkononi. Aliiweka chini polepole. Jioni hakula. Mama mkwe wangu ananitazama kama mimi ndiye nimekula ng'ombe wako.

Huyu mtu alikesha wiki mbili akiunga ile baiskeli! Uma wa gurudumu la mbele aliunyoosha kwa moto mara tatu kwa sababu alisema, "Mjomba wako ni mtu wa mizigo." Mimi ndiye niliyempepelea moto. Nakwambia niliyoyaona, si niliyoambiwa.

Sikatai neno lako. Ni wewe uliyenilea, ukisema nirudi nitarudi, mimba na yote, nitapanda lori la Anguyo nikae juu ya tumbaku. Lakini nikirudi hivyo, nyumba yangu imevunjika. Unajua hivyo? Wazee wa huku hawataniita tena. Watasema mwanamke aliyerudishwa kwa ajili ya nati, mwacheni kwao.

Nakuomba jambo moja kabla ya siku hiyo. Usiitume baiskeli kwa lori. Njoo nayo mwenyewe, ukiiendesha. Kutoka kwako hadi hapa ni njia moja, na wewe ndiwe uliyefika Yei kabla ya saa sita. Njoo Ocama asikie shingo ikilia wewe ukiwa juu yake. Akiisikia kwa masikio yake atajua dawa, na wewe utaona kama ni mwizi.

Nakungoja kila siku barabarani.

Mtoto wa dada yako,
Poni


Ludara
14 Aprili 1989

Poni mtoto wa dada yangu,

Barua nimepata. Wazo lako ni zuri lakini ni la mtu mdogo.

Kwanza, goti langu la kulia limevimba tangu ile siku ya mtaro. Pili, mvua imeanza, na daraja la huko mbele wanasema si la kuaminika. Tatu, mtu wa umri wangu na heshima yangu kuonekana Maracha nzima anatoa jasho juu ya baiskeli mbovu aliyopewa na mkwe, hiyo ni kujitangazia aibu kwa maili thelathini na tano. Nne, nina kazi. Tano, goti.

Baiskeli nimempa Anguyo tena. Ocama akitaka kuisikia ikilia, aipande yeye, ni kijana.

Kuhusu yule wa tumbaku, sikumtuma. Watu wa tumbaku wana midomo. Lakini nilichosema nilisema, na siku ya Margarita kuja iko palepale. Wewe usilie. Hapa kuna maziwa, na nyumba ni ile ile. Hakuna mtu atakayesema neno mbele yangu.

Kula samaki. Mtoto anataka samaki.

Mjomba wako,
Tombe


Oli, Arua
20 Aprili 1989

Mzee mkwe wangu,

Barua hii ni ya macho yako peke yako. Nimemwambia Anguyo akupe mkononi, na kama uko na watu, akae nayo mpaka waondoke. Poni hajui kilichomo. Naandika nikiwa peke yangu bandani. Kwa mdomo nisingeweza kukuambia, maana mimi kwako ni mkwe na kuna maneno ambayo mkwe hana ruhusa ya kuyafungulia mdomo. Karatasi labda itasamehewa.

Nimeifungua shingo tena. Bakuli limechimbika upande uleule, wa kushoto. Safari hii nikaacha shingo, nikaitazama baiskeli yote, toka taa mpaka karia, kama ni ya mtu nisiyemjua.

Tairi zimelika vizuri, imetembea sana. Karia imepinda kwa uzito. Lakini kiti, mzee, ngozi yake bado inang'aa kama siku niliyoifunga. Mpira wa pedali una vile vinywele vidogo vya dukani. Cheni imeota kutu kwenye meno, na cheni inayofanya kazi haioti kutu. Na kwenye usukani, kushoto, ile kamba imekula rangi mpaka chuma.

Wale watu wanaoleta mizigo toka Ariwara, wenye magunia matano, wanafunga mti mrefu kwenye usukani upande wa kushoto na kuisukuma baiskeli wakitembea pembeni. Mti ule ukiusukuma ni kama spana ndefu kuliko spana zangu zote. Mwili mzima wa mwanaume unaizungusha nati ile, kila hatua, kila kilima. Hakuna shingo inayovumilia. Ningeifunga kwa dhahabu, ingelegea.

Kwa hiyo shingo haina kosa, na anayesukuma hana kosa. Kusukuma ni kazi ya heshima, nawaona wazee wenye watoto kumi wakisukuma. Mti ndio usifungwe. Shika usukani kwa mikono miwili, karibu na katikati, na mzigo upungue, basi itakaa miaka. Na kama kuna mtu anayetaka siku moja kuikalia hiyo ngozi mpya, kule Onduparaka kuna uwanja, na asubuhi ambapo hakuna mpira hakuna mtu. Mimi nitashika kiti kwa nyuma. Sitasema kwa mtu yeyote.

Sitaki kushinda, mzee. Ukitaka niitwe mwizi Ludara nzima, nitaitwa. Ninachokuomba ni mke wangu. Usimchukue kwa sababu ya mti.

Ocama


Ludara
26 Aprili 1989

Ocama Paulino,

Nani amekuambia? Ni Margarita? Ni Lino? Taja jina nimfuate!

Unaisoma baiskeli ya mtu kama barua ya mtu! Nimekupa shingo utengeneze, wewe umekwenda kutazama kiti. Huko kwenu wanafundishwa kutazama mkwe wao anakalia nini? Vinywele vya pedali! Nilipofika hapo niliikunja barua nikaiweka chini ya godoro, nikatoka nje, nikarudi, nikaitoa. Hiyo ilikuwa juzi. Leo ni mara ya tano.

Haya. Margarita anajua, sasa na wewe. Mmetosha.

Sikuwahi kuwa dereva. Nilikuwa mpishi katika kambi ya jeshi. Ugali wa watu mia tatu, mara mbili kwa siku, na haukuwahi kuungua, hilo ni la kweli na uliandike. Nikiwa na miaka kumi na miwili kaka zangu walinipandisha baiskeli ya padri juu ya kilima wakaniachia. Nilivunjika mkono, na wao walicheka mwaka mzima. Nikasema sitapanda tena mbele ya mtu. Halafu nikawa mkubwa, na mkubwa ataanzaje kujifunza na wapi? Ndiyo maana gunia. Mtu anayesukuma na gunia ni mchapakazi. Mtu anayesukuma baiskeli tupu anaulizwa. Sasa umejua kwa nini mihogo inakwenda kanisani.

Lakini hilo silo linalonifanya nikuandikie.

Mwaka wa themanini tulipokimbia vita kwenda Sudan, mwezi wa kumi, mama yake Poni alikuwa mgonjwa vibaya, anavuja damu. Nilikuwa na baiskeli, ya jirani aliyekufa. Nikampakia dada yangu juu ya karia. Hospitali iko Yei. Kutoka mpakani, mtu anayejua kupanda anafika Yei kabla ya saa sita mchana. Walinipita, Ocama, watu na wake zao nyuma. Mmoja aligeuka akanipigia kelele, "Panda, mzee, utachelewa!" Mimi nikasukuma. Siku ya pili jua likiwa juu nilikuwa bado Morobo, katikati ya njia, na hapo ndipo alipokufa.

Ile safari ya asubuhi moja ninayowasimulia, na cherehani na nini, kila kona yake naijua kwa sababu nimeitembea kwa mguu. Nimeisimulia mpaka ikawa na fundi cherehani.

Poni alikuwa nyuma yetu, na miaka kumi na moja. Asijue kamwe kwamba nilikuwa na baiskeli na sikuweza kuikalia. Ukimwambia, nitakuwa sina mtoto. Hilo tu ndilo ninaloogopa hapa duniani, hata chui sikumwogopa.

Margarita haji tena. Poni akae kwako.

Na bado nina hasira na wewe.

Tombe


Oli, Arua
1 Mei 1989

Mjomba,

Anguyo alifika Ocama akiwa Ariwara kununua spoki. Barua akanipa mimi. Naijua siku uliyosema Mama Margarita atakuja, kwa hiyo niliona nina haki ya kujua kama nifunge vitu vyangu. Nikaifungua. Ocama amerudi, amenikuta nayo, amekasirika na mimi kwa mara ya kwanza tangu anioe. Ana haki. Lakini imeshasomwa.

Nimelia, halafu nimekasirika, na hasira hiyo ni yako, kaa uipokee.

Miaka tisa unabeba jambo usilolijua kama gunia lile la kanisani! Mimi nilikuwa nyuma, mkono wangu kwenye karia. Wewe hukuona, ulikuwa unatazama barabara. Mimi niliona. Mama hakuweza kukaa. Tangu mpakani alikuwa anaanguka, mara upande huu mara ule, na mkono wako mmoja ulikuwa umemzunguka kiunoni, mwingine kwenye usukani. Siku mbili hukuutoa ule mkono. Ulipokuwa unakunywa maji, mimi nilikunywesha.

Ungepanda, mjomba, angeshikwa na nani?

Yule mwanamke mwenye kitenge cha kijani aliyetupita nyuma ya mume wake, mgonjwa kama mama, unamkumbuka? Tulimkuta mbele ameanguka, mume wake hata hakuwa amejua mara moja. Wewe ulipita ukitazama barabara. Mimi nilimwona.

Nilipokuwa kambini watoto wakijisifia baba zao, mimi nilisema: mjomba wangu alikuwa na baiskeli na alikataa kuipanda, kwa sababu alikuwa amemshika mama yangu. Nilidhani unajua. Nilidhani ndiyo maana husemi.

Sasa sikiliza neno langu la pili. Ulimwita mume wangu mdanganyifu mbele ya soko zima. Barua ya siri haimtoshi. Wateja hawasomi barua zako. Soko lilelile lisikie, kwa mdomo uleule. Utasema nini utajua mwenyewe. Mpaka hapo sitakuita uje umtemee mtoto wangu mate ya baraka, na unajua bila mate ya mjomba watu wa huku watasema nini. Basi waseme. Mimi pia ni wa kwetu, na kichwa kigumu nimekitoa kwako.

Poni


Ludara
16 Mei 1989

Poni, na Ocama, wote wawili,

Barua ya mtu haifunguliwi! Hilo nalisema kwanza, ili lisisahaulike. Nyumba yenu ni nyumba ya wapelelezi, mmoja anasoma kiti, mwingine anasoma barua.

Poni, ile ya mkono wangu niliisoma halafu nikaenda kukaa shambani. Margarita alikuja kuniita kula, nikamwambia niache. Akakaa. Nikamuuliza, "Ni kweli nilimshika?" Akasema, "Tombe, mkono ule hukuweza kuunyoosha wiki nzima. Niliukanda mimi." Sikukumbuka. Nakumbuka tu watu wakitupita. Zaidi ya hayo sitaandika.

Sasa habari ya soko. Jumamosi nilikwenda. Baiskeli Anguyo alikuwa ameirudisha, nikaisukuma tupu, bila gunia, bila mti, mikono miwili katikati kama alivyosema fundi. Nilikuwa sijafika kwenye miti ya kwanza ya soko, Lino akaanza: "Tombe! Leo huna mzigo? Si upande basi!"

Nikasimama. Nikapanda juu ya kreti ya soda. Nikasema: "Watu wa Ludara, shingo ya baiskeli hii ni nzima. Ilikuwa nzima tangu siku ya kwanza. Mimi ndiye niliyeilegeza kwa mti. Ocama wa Oli hakunidanganya, mimi ndiye niliyemdanganya yeye, na ninyi. Sijui kupanda baiskeli. Sijawahi kujua."

Mungu wangu! Wakacheka, na kucheka kule, Ocama, hujawahi kusikia. Mbuzi walikata kamba. Mwanamke mmoja wa maharage alikaa chini kabisa. Lino alicheka mpaka akamkata mteja sikio, na damu ile, aibu ya Lino, nilifurahi kuiona, Mungu anisamehe. Mzee mmoja asiye na meno akaja akaniambia, "Hata mimi sijui. Niko nasukuma tangu wakati wa Wazungu." Akanishika mkono. Wengine wawili wakatazama chini. Kwa hiyo tuko wengi, na hasira yangu ni kwamba hakuna hata mmoja aliyenitangulia kusema, wote waliningoja mimi nipande kreti!

Yule wa tumbaku alikuwepo. Nilimshika shati mpaka akaahidi kupitisha tairi zake zote kwa Ocama, na rafiki zake pia.

Poni, siombi uniite. Nakuja. Natoka Alhamisi na naisukuma hadi Oli, naona kwa goti hili ni siku tatu. Ya Onduparaka na uwanja, Ocama, tutazungumza nikifika, na kama kuna mtoto mmoja uwanjani narudi siku hiyohiyo. Kama mimba imefika mwisho nitakaa mpaka azaliwe, nitoe mate yangu kama inavyotakiwa, na jina mtampa ninyi.

Njiani watu wa Maracha wataniuliza kwa nini mtu mzima anasukuma baiskeli tupu yenye kiti kipya. Nitawaambia sijui kupanda. Nimelifanyia mazoezi neno hilo mbele ya Margarita mara saba, na mara ya saba hakucheka.

Mtoto akikua mwambieni kwamba mjomba wa mama yake hakujua kupanda baiskeli. Mwambieni hivyo tu, msiongeze kitu. Kuongeza niachieni mimi.

Ni mimi,
Tombe Jale